Kidonge cha Asubuhi

Mzee Shaali alikificha kidonge chini ya ulimi, na mkewe alipotoka na gilasi, akakitemea mfukoni. Dawa ililegeza miguu yake iliyokakamaa tangu alipoumia mgongo, lakini iliilegeza mno hata asiweze kusimama. Na leo wanakuja kumposa Saumu, bintiye. Hakutaka kuwapokea wakwe akiwa amelala kitandani.

Hodi ilipobishwa, alijikokota akafungua, akasimama huku ameshika miimo yote miwili ya mlango. Miguu ikakaza, kama alivyotaka. Kisha ikazidi kukaza, magoti, kiuno, mpaka vidole vya mikono vikagoma kuachia mbao.

Nje walisimama wazee watatu na sinia lililofunikwa kitambaa.

Alitaka kusema karibuni. Maumivu yakamfanya aume meno, kinywa kisifunguke.

"Baba Saumu, wapishe wageni!" mkewe alinong'ona nyuma yake.

Hakusogea. Mzee wa mbele, aliyekwisha vua kiatu kimoja, aliitazama ile mikono iliyoziba mlango. Kisha, bila kuinama, akaanza kukitafuta kiatu chake kwa vidole vya mguu.