Jalada Jipya

"Wallahi, Bibi Mahfudha, kozi za kiwango cha chuo, za Kimarekani na za Kiingereza tumezichanganya darasa moja. Mji mzima wa Ibra hupati skuli kama hii!" mkuu wa skuli alijigamba, akimmiminia kahawa.

Mahfudha, aliyesomesha kemia mjini Nizwa, Omani, miaka thalathini, alikuwa akikitazama kitabu kipya cha kemia ya chuo alichopewa mjukuu wake kama mtu atazamavyo samaki wa jana. Pembe ya jalada ilikuwa imeinuka. Akalibandua kwa ukucha, taratibu.

Chini yake lilikuwepo jalada la kemia ya darasa la tisa, na jina la mjukuu wake, aliloliandika mjukuu mwenyewe kabla hajakirudisha kitabu skuli mwaka juzi.

Mkuu akanyanyua birika. Mahfudha akakitikisa kikombe kuwa basi, imemtosha.

"Na mwalimu," akauliza, "mumembandika jalada gani?"