Alama za Kiprop

Siku ya ukaguzi, Jepkemboi aliamka mapema akampikia jogoo mtu aliyemuua mumewe.

Hakuna aliyekiita kifo hicho mauaji. Mzee Joseph, miaka sabini na miwili, alikutwa akimkatia ndama nyasi ndani ya kinamasi ambacho serikali na wanakijiji walikuwa wamekubaliana kukitunza kwa ajili ya ndege aina ya korongo. Kiprop, afisa msimamizi, alimpandisha nyuma ya pikapu, mvua ya Julai ikinyesha, kutoka Ainabkoi hadi Eldoret mjini. Mzee aliomba apitie nyumbani achukue koti tu. Kiprop akamkatalia. Baridi ikamwingia mapafuni, na siku ya tisa walimzika.

Jepkemboi hakulia sana. Aligombea uenyekiti wa kamati ya kinamasi, akaupata, akangoja.

Sasa, miaka mitatu baadaye, Kiprop alikuwa ameinama mlangoni pa jiko la Jepkemboi, kofia mkononi, akimwita Kogo, yaani bibi, kama walivyomwita wote kijijini.

"Kogo, leo niko mikononi mwako. Usisahau tulivyoongea."

"Mimi nisahau? Mwanangu, sijasahau kitu tangu nizaliwe. Nenda ukae na wageni, kuku anaiva."

Chini ya hema, mkaguzi kutoka Nairobi, Bi Wangeci, alieleza kwa ufupi. Mradi utaongezwa miaka mitano. Lililobaki ni msimamizi: wanakijiji wakimkataa, ataondolewa, wakimtaka, atakaa nao mpaka mwisho.

"Mwenyekiti atasema kwa niaba yenu."

Watu wakamgeukia Jepkemboi, wakisubiri ammalize. Kiprop alikuwa akiikunjakunja kofia yake.

Jepkemboi alisimama polepole.

"Korongo walikuwa sita. Juzi nimehesabu thelathini na wanane. Chemchemi ilikuwa imekauka, leo ng'ombe wetu wanakunywa nje ya ua wa kinamasi bila kugombana. Ni kazi ya huyu kijana. Mkituletea mwingine, tutaandamana mpaka mjini. Tunamtaka huyu huyu."

"Ai! Kogo amenunuliwa," Kituyi mwenye duka alinong'ona. "Sijui ni sukari kilo ngapi."

"Na marehemu Joseph je?" mwingine akauliza.

Bi Wangeci aliinua kalamu. "Una hakika, Mama?"

"Mpe alama zote. Hata usibakishe moja."

Muhuri ukagongwa. Makofi yalikuwa machache. Jepkemboi akachukua sahani, akachagua paja nono, akampelekea Kiprop mwenyewe, kwa mikono miwili.

Kiprop hakuigusa.

"Kogo, nilikupigia magoti useme nimeshindwa kazi. Uhamisho wamenikatalia mara tatu. Mke wangu yuko peke yake kule bondeni Kerio, na daktari amempa mwaka mmoja tu."

"Najua," alisema Jepkemboi. "Kula, mwanangu."