Kadi ya Jumapili Sita

Muhuri wa nne aliugonga kichwa chini, makusudi. Kisha akaegemea kiti, akautazama kwa mbali, akaridhika. Katekista naye ni binadamu. Katika Jumapili sita lazima moja ashike muhuri vibaya.

Fundi mihuri alikuwa amefunga nusu ya mlango wa duka lake, ingawa ilikuwa Jumamosi saa nane mchana na wateja hawakosi. Mezani palikuwa na wembe, kipande cha mpira, kioo cha kukuza na kadi ya manjano yenye vyumba sita. Juu ya kadi iliandikwa: Misa za Likizo, Watoto wa Kipaimara. Sharti lilikuwa moja na kila mzazi alilijua. Baada ya Misa ya kila Jumapili, chumba kimoja kigongwe muhuri wa parokia. Kadi isiyojaa, mtoto hasimami mbele ya askofu. Na askofu huja mara moja kwa miaka mitatu.

Kadi zilitakiwa kesho. Ya binti yake aliikuta asubuhi ile kabatini, chini ya sare za shule, vyumba vyote sita vikiwa vitupu.

Hakushangaa sana. Mkewe alipoondoka kwenda kumuuguza mama yake, alibandika karatasi mlangoni: sala ya asubuhi, rozari jioni, kitubio, Misa kila Jumapili, baba na mtoto pamoja. Lakini shule zikifungwa ndipo wakuu wa shule hukumbuka mihuri, na kazi zilimfika fundi shingoni. Jumapili ya kwanza alimwambia binti, "Tangulia kwa shangazi yako, nitakufuata." Hakumfuata. Tangu hapo, kila Jumapili mtoto alivaa gauni lililopigwa pasi, akaenda kwa shangazi yake anayekaa nyuma ya kanisa, akarudi saa tano. Amekwenda kusukwa, fundi alijisemea, ingawa nywele zilirudi vilevile zilivyoondoka.

Jana yake jioni mkewe alikuwa amepiga simu.

"Baba watoto, mmesali leo?"

"Tumesali."

Hakuona kama ni uongo. Alikuwa amefanya ishara ya msalaba juu ya chai, na juu ya mkate pia.

"Na kadi?"

"Kadi iko salama."

Angeweza kumuuliza binti kwa nini kadi haina kitu. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu, ukimuuliza alikuwa wapi Jumapili, naye atataka kujua wewe ulikuwa wapi. Kwa hiyo asubuhi ile alipita pembeni.

"Kadi yako ya kanisani unaitunza?"

"Naitunza, baba. Katekista amesema isipate hata doa."

Fundi aliona hiyo ni jeuri, tena ya kurithi, upande wa mama yake. Akaichukua kadi kimyakimya, akaenda nayo dukani. Mtoto asikose Kipaimara kwa ajili ya mihuri ya watu wengine.

Kazi yenyewe haikumsumbua. Muhuri wa parokia aliuchonga yeye mwenyewe miaka kumi na mitano iliyopita. Alikwenda na cheti cha binti cha Komunyo ya Kwanza, akakiweka chini ya kioo, akaona jinsi muhuri ulivyozeeka: mkono wa kulia wa msalaba umemeguka kidogo, herufi mbili za mwisho zimechoka. Akachonga mwingine, msalaba akaumegua palepale, herufi akazichosha. Wa kwanza aliugonga kwa wino mzito. Wa pili hafifu, kama pedi imekauka. Wa tatu ukaingia kidogo chumba cha jirani. Wa nne ndio huo uliopinduka. Alipomaliza wa sita, akaandika tarehe kwa kalamu mbili tofauti. Tangu aanze ufundi hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na ilimuuma kwamba hakuna atakayeisifu.

Kivuli kikasimama mlangoni. Fundi akasukumia muhuri wake ndani ya droo.

"Fundi, mbona umejifungia? Unakula peke yako?" Alikuwa katekista, miwani puani, mfuko wa karatasi mkononi.

"Nazuia jua tu, mwalimu. Karibu ndani." Akaona bora amalize mambo upesi. "Tena umekuja wakati mzuri. Kadi ya mtoto hii hapa. Ilikuwa nikuletee kesho."

Katekista akaipokea. Akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kidole chake kikatua kwenye chumba cha nne.

"Huu umepinduka," akasema.

"Si wewe mwenyewe, mwalimu," fundi akacheka. "Haraka zako hizo."

Katekista hakucheka. Aliiweka kadi mezani taratibu, akafungua mfuko, akatoa muhuri wa parokia. Mbao akaiweka upande mmoja; mpira, uliopasuka katikati, akauweka upande wa pili.

"Uliniponyoka Jumapili ya kwanza ya likizo, kabla sijagonga hata kadi moja," akasema. "Paroko naye alikuwa likizo, amerudi jana akaniruhusu, ndiyo maana nimekuja unichongee mwingine. Watoto wote kadi zao ni tupu, niliwaambia nitazigonga siku moja. Nilitaka nianze na ya binti yako, maana ndiye peke yake ambaye hakukosa hata Jumapili moja."