Mwili Wenye Njaa

"Ufunguo kaa nao wewe, mama," Salvina alisema, akimwekea mama mkwe wake chupa ya vidonge kiganjani. "Hata nikilia, usinipe."

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, mwaka wa sabini na sita. Bibi Flavia aliitazama ile chupa kama mtu aliyepewa nyoka. "Hata Kanisa halimfungishi mgonjwa," alinung'unika, lakini akaifungia kwenye sanduku la kanga zake.

Salvina alikuwa na kovu shingoni. Madaktari wa Moshi walimtoa tezi yenye kansa, na tangu hapo vidonge ndivyo vilivyofanya kazi ya tezi. Sasa sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, ikahofiwa kwamba kansa imerudi. Baada ya Pasaka angevuka mpaka wa Holili kwenda Nairobi, anyweshwe dawa ya mionzi, kisha apigwe picha.

Daktari alimweleza taratibu. "Lazima mwili uwe na njaa. Ukishiba vidonge, kansa haiigusi hiyo dawa, na picha haioni kitu. Tukiiona mapema, tutaichoma. Tusipoiona, itakumaliza."

Binti yake ndiyo kwanza ameanza kutembea. Salvina alitaka amwone akipokea Komunyo ya kwanza, basi. Hakuomba zaidi.

Kwaresima ilipofika katikati, njaa hiyo ilimkamata barabara. Uso ulivimba, ulimi ukawa mzito, akawa anatetemeka kwa baridi na jua linawaka. Siku moja alijikokota hadi kwenye sanduku, akalikumbatia na kulia. Bibi Flavia alilia naye, lakini ufunguo hakuutoa.

Wanaosema mama mkwe ni adui hawakumjua huyu. Kila asubuhi alimpikia mtori wa ndizi kwa mkono wake mwenyewe, akasimama hapo hapo mpaka bakuli liishe.

Kufikia Jumapili ya Matawi, Salvina alikuwa anakata tena majani ya ng'ombe. Majirani pale Kirua Vunjo walitania kwamba mtori ule ungefufua maiti. Yeye alimshukuru Mungu aliyempa nguvu za kuvumilia.

Nairobi, daktari wa kule aliinua picha kwenye mwanga. Shingo safi, mapafu safi. Basili, mumewe, alicheka njia nzima hadi mpakani, askari wakadhani amelewa.

Nyumbani Salvina alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Shikamoo, mama. Imetoka safi! Sasa nifungulie, nianze tena vidonge vyangu."

"Marahaba, mwanangu." Bibi Flavia alifungua sanduku, akamwonyesha chupa. Ilikuwa tupu.

"Siku ile uliyolia, moyo ulinishinda. Mgonjwa haulizwi uji. Nikawa navisaga, nakutilia kwenye mtori." Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, machozi ya furaha yakimtiririka. "Na si umeona mwenyewe? Picha imetoka safi."