Udhuru wa Haifa

Haifa aliizima kamera ya simu kabla ya kusema uwongo. Akasingizia mtandao.

"Lila, mdogo wangu, mama anaumwa," alisema. "Anaumwa sana. Duka nalifunga nimuuguze."

Chumba cha pili, mama yake, Bi Mwatima, alikuwa kwenye simu na nduguze wa Maskati, akicheka mpaka anapaliwa. Haifa aliusukuma mlango kwa mguu, ukafungika.

Lila, mshoni wake, alikuwa kule Solo, Indonesia. Yeye ndiye aliyepiga, tena kwa bashasha: "Dada, nina habari ya kukwambia." Haifa alidhani ni habari ya kupandisha bei, ndiyo maana akamkata kauli.

"Habari yangu itangoja," Lila alisema, kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mama kwanza. Usinifikirie mimi."

Ndivyo ulivyovunjika ushirika wao. Haifa alikuwa ameanza na meza ya kukodi katika soko la Walthamstow, London, akiuza mitandio siku za Jumamosi. Kila kiwanda alichokiandikia kilimpuuza. Oda yake ilikuwa ndogo mno. Lila peke yake ndiye aliyekubali. Alikuwa akishona kwa cherehani moja, barazani kwa mama yake, na mzigo wa kwanza aliutuma kwa kuaminiana tu. Meza ikawa duka. Barazani nako wakaongezeka wasichana wa mtaani, kila mmoja na cherehani yake. Waliinuana.

Kisha akaja Imran, dalali wa nguo, na fuko la sampuli. Zilitoka kiwanda kipya, nje kidogo ya mji uleule wa Solo. Mashine za kisasa, bei ya chini kuliko ya barazani.

"Kiwanda hicho siku hizi watu wanakikimbilia, dada," Imran alisema. "Ukizubaa, jirani yako atakiwahi."

Haifa alilipitisha pindo la mtandio vidoleni. Mshono ulikuwa mwembamba, umenyooka, na kwa kweli hakuona tofauti na ule aliouzoea. Hilo ndilo lililomwamulia. Hakumuuliza Imran mwenye kiwanda ni nani. Akilini alimwona mzee fulani wa suti na kitambi.

Kilichobaki kilikuwa kumwacha Lila bila kuonekana msaliti, na mtu hambishii mwenzake ugonjwa wa mama.

Haukupita muda baada ya simu ile ya uwongo, likaja furushi. Ndani mlikuwa na vazi la kusalia, jeupe, limetariziwa kwa mkono shingoni. Ujumbe wa Lila ulilitangulia kwenye simu: Ni la mama. Sote hapa tunamwombea kila tukimaliza Alasiri.

Haifa alimwambia mama yake ni zawadi kutoka kwa mshoni wake.

"Masikini, mtoto wa watu!" Bi Mwatima alilivaa papo hapo, akajizungusha mbele ya kioo. "Jepesi kama sijavaa kitu. Umemshukuru?"

"Nimemshukuru."

"Mwambie na mie namwombea."

Tangu siku hiyo Haifa hakuweza kumtazama mama yake akisali. Bi Mwatima akipiga chafya, yeye moyo unamruka. Mara moja alimsikia akikohoa kwenye simu, akamwacha mteja dukani na kupanda basi mpaka nyumbani.

"Mie mzima!" Bi Mwatima alimkemea. "Una nini wewe siku hizi?"

Angemwambia nini? Kwamba amemzulia maradhi kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa anachelea yasije yakaitika?

Kwa hiyo Imran alipompasha kwamba mwenye kiwanda yuko London, na anataka kuonana na kila mteja kabla ya kutia saini, Haifa alikuwa ameshakata shauri. Angeomba sehemu ya kazi ipelekwe kwa fundi mmoja wa Solo, wa barazani. Baadaye angempigia Lila amwambie kweli yote, hata kama angetukanwa.

"Hilo zungumza naye mwenyewe," Imran alisema. "Si mtu mgumu."

Walipatana kukutana mchana, kwenye mkahawa wa Kiarabu Edgware Road. Bi Mwatima aliposikia Edgware Road hakungoja kualikwa. Alikuwa keshavaa buibui.

"Tangu Idi sijala nyama choma ya maana," alisema. Haifa hakuona ubaya. Huenda mzee wa watu angelainika akimwona bibi.

Bi Mwatima aliagiza sahani ya mbavu za kondoo na mkate wa moto, akala kwa raha zake, akimsifu mpishi kila mhudumu alipopita. Haifa hakugusa kitu. Alikuwa akiyapanga maneno yake: kuna fundi mmoja, mwaminifu sana, nilimkosea.

Mlango ukafunguka. Imran aliingia, akaushikilia kwa heshima, na nyuma yake akaingia mwanamke kijana mwenye mtandio wa kijani.

"Mwenye kiwanda ndiye huyu," alisema Imran.

Lila alisimama palepale. Alimtazama Haifa, kisha akamtazama bibi aliyekaa naye, mwenye sura ileile ya Haifa iliyoingia uzeeni, mfupa mkononi, mashavu yakimng'ara. Macho yakamjaa machozi. Akampita Haifa, akapiga magoti kando ya kiti, akaushika ule mkono wenye mafuta na kuuweka kwenye paji la uso wake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi, mama amepona."

Bi Mwatima aliyaelewa maneno hayo, ijapokuwa Lila aliyasema kwa Kiingereza. Alimgeukia binti yake, akitabasamu, bado anatafuna.

"Haifa, nimepona nini?"