Sahani Namba Saba

Sahani kumi na moja zilikuwa za zambarau. Ya kumi na mbili, namba saba, ilikuwa imetakata kama iliyolambwa na paka.

"Haiwezekani," alisema Mama Majani, akavuta taa karibu.

Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara. Miaka miwili sasa kazi yake ilikuwa moja: kukamua majani, mizizi na magome, apate kitakachong'oa utando wa bakteria, ule ute unaong'ang'ania ndani ya mipira ya mkojo ya wagonjwa na kuzicheka dawa. Penye utando, rangi ya zambarau hunata. Namba saba haikuwa na hata doa.

Tena siku yenyewe ndiyo hiyo. Bila jibu, wafadhili wangeufunga mradi saa kumi jioni, naye angerudi kupima choo cha watu.

Profesa alikuja mbio, kamba ya kiatu ikiburuta. Yeye ndiye aliyezigawa namba, asije mtu akapendelea jani la kwao, kisha orodha akaifungia kwenye bahasha.

"Fungua, Profesa, roho itanitoka!"

"Subira huvuta heri, binti yangu."

"Miaka miwili inavuta tu!"

Kimoyomoyo aliomba iwe mpera. Shangazi yake alimtumia gunia zima, na kila Jumapili humpigia simu kuulizia hali ya majani yake, utadhani ni watoto waliopelekwa bweni.

Profesa alichana bahasha. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Saba ni maji matupu."

Mama Majani aliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo. Maji matupu waliyaweka ya kulinganishia tu. Kama maji yenyewe yanang'oa utando, basi jaribio zima limevurugika. Machozi yakamlengalenga.

"Hayo maji uliyatoa wapi?" Profesa aliuliza.

"Ya maabara yaliisha. Nikachota kwenye birika, pale chumba cha chai. Si yalishachemshwa?"

"Yalikuwa safi?"

"Yalikuwa na wekundu kidogo. Nikajua ni kutu."

Profesa alijishika kichwa. "Kutu! Umeniua, binti yangu."

Alitoa simu awaarifu wafadhili kwamba hakuna kitu, wafunge tu. Mama Majani akaanza kukusanya sahani. Miaka miwili yote, pu!

Mlango uligongwa. Mlinzi wa getini alichungulia, birika mkono mmoja, mkono mwingine shavuni.

"Samahani, wakubwa. Nimevumilia sana, ila leo acha niseme. Nani humu ndani ananimalizia dawa yangu ya jino?"