Mkono Mmoja

Fundi wa studio alipofungua faili la MIDI kwenye programu yake, wimbo wa bembelezi wa mama kijana ulitoka kama kengele ya mlangoni. Sauti ya filimbi ambayo mama aliichagua nyumbani ilibaki kwenye kompyuta yake. Faili lilibeba noti za muziki tu, bila sauti ya ala.

"Dada, kipindi cha watoto kinaanza kesho. Huu ndio wimbo wenyewe?"

"Hiyo ni mifupa, kaka. Nyama utaivika wewe."

Fundi akacheka, akaonyesha vijistari kwenye skrini. "Mbona noti zimelegea hivi? Tena za mkono mmoja."

"Wa pili ulikuwa umembeba huyu." Akampigapiga mtoto aliyekuwa akinung'unika kifuani pake tangu waingie.

"Basi nizikaze zilingane na mdundo. La sivyo, tutatumia wimbo wa mwingine."

"Weka filimbi kwanza. Halafu upige wimbo hivyo hivyo ulivyo."

Alisema kwa utulivu, kama mpishi anayejua chumvi aliyotia. Fundi akabadilisha ala, akabonyeza wimbo ucheze.

Manung'uniko yakakatika. Shavu la mtoto likatua begani, zito, na mate ya uvuguvugu yakamlowesha mama shingo.

Kidole cha fundi, kilichokuwa kikielekea kuzikaza noti, kikabaki hewani.